Uwele Ukifika Kiunoni

Issuna,
27 Novemba 1966

Mdogo wangu Antipasi,

Pokea salamu za nyumbani, sote tu salama. Mama anakula na anagomba, ndipo tunapojua kwamba ni mzima. Meno yalimsumbua mwezi uliopita, nikampeleka hospitali ya Kilimatinde kwa lori la wachuuzi wa kuku, wakamng'oa. Amerudi akidai wameng'oa zima wakaacha bovu, lakini karanga anazitafuna kama zamani. Mvua zimeanza vizuri. Sijui huko Tabora mnapata mvua au mnapata moshi wa treni peke yake.

Sasa nikueleze kilichonifanya nitafute kalamu. Paskali ameung'oa mpaka wetu.

Unamjua jirani yetu alivyokuwa, mtu wa kawaida tu. Tangu apate plau na kusifiwa mkutanoni kuwa mkulima wa kisasa, hapitiki tena njiani. Mvua ya kwanza iliponyesha alifunga ng'ombe akaanza kulima, nami nilikuwa nimekwenda kisimani. Niliporudi, ile miti ya minyaa ya mpakani waliyoipanda Baba na baba yake, tuliyokuwa tukikatazwa kuichezea tusije tukapata utomvu machoni, yote ilikuwa imelala mizizi juu. Plau ilikuwa imepita hapo, ikaingia kwetu, ikafika mpaka karibu na lile jiwe la kuanikia mtama. Nikamwuliza, akasema ng'ombe walimshinda nguvu. Mimi sijaona bado ng'ombe wa kumshinda mtu nguvu halafu wakalima mstari ulionyooka namna ile.

Kesho yake aliikusanya minyaa akaichoma. Keshokutwa yake akawa na maneno mengine: kwamba pale hapakuwa mpaka hata siku moja, ulikuwa uzio wa kuzuia mbuzi, na mpaka wenyewe uko kwenye jiwe. Nikamwambia baba yake angekuwa hai angemwonea aibu. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio uliniuma: "Theresia, mimi sina ugomvi na mwanamke. Shamba ni la Antipasi. Aje Antipasi tuzungumze."

Nikwambie wazi, maana hukuwepo. Nilipofiwa na mume wangu kule Puma, shemeji zangu walianza hivihivi. Walichukua kipande cha bondeni, wakachukua cha nyuma ya nyumba, mwisho wakaniambia nirudi kwetu. Basi nimerudi kwetu. Nikitolewa na hapa, sina kwetu kwingine. Shamba hili ndilo linalotulisha mimi na Mama, na kipande alichokitwaa ndicho kizuri kuliko vyote.

Utakuja lini? Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mimi dada yako,
Theresia


Tabora,
12 Desemba 1966

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, na pole ya meno. Mimi mzima, kazi ya reli inaendelea, na mwaka huu wamenipa sare mpya. Tabora kuna joto kali na maembe mengi.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa kwa hasira. Huyo Paskali anadhani bado tuko enzi za machifu, mwenye sauti kubwa ndiye mwenye haki? Hii ni serikali ya wananchi. Fuata maagizo yangu haya bila kuyapunguza. Kwanza, usizungumze naye kabisa. Pili, nenda mahakamani ukafungue mashitaka kwa jina langu. Tatu, na hili ndilo kubwa, asitie hata punje moja ya mbegu katika kipande kile. Akipanda amekwisha kukimiliki, kila mtu anajua. Akija na mbegu, simama mbele ya ng'ombe wake.

Kitu kimoja sikukielewa. Unasema kipande hicho ndicho kizuri kuliko vyote. Baba alipofariki tuliuza ng'ombe wote waliobaki, zizi letu tupu. Samadi unaitoa wapi?

Kuhusu kuja, likizo za reli ni ngumu. Tutaona.

Ndugu yako,
Antipasi


Issuna,
28 Desemba 1966

Mdogo wangu Antipasi,

Marahaba. Krismasi tumekula wali na jogoo. Mama alipewa kipapatio, na wewe kule ulipo ulipata chako, maana alikutengea, akakilinda, halafu akakila mwenyewe.

Maagizo yako yamefika, nami nimeyavunja yote kabla sijayapata. Usikasirike mpaka mwisho wa barua.

Sikwenda mahakamani kwa sababu huko wangeuliza Antipasi ndiye nani na yuko wapi, na kesi ingelala mpaka Mama azeeke mara ya pili. Nilikwenda kwa Mzee Idrissa, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kijiji. Akaita wazee, tukakutana palepale shambani kwenye udongo uliolimwa. Kila mmoja aliangalia chini, lakini udongo mbichi uliofunuliwa ni mwekundu kote. Waliopanda minyaa wamekufa, na minyaa imekuwa majivu. Wazee wawili walikumbuka mpaka ulikuwa wapi, mmoja huku na mwingine kule. Paskali akatabasamu.

Hapo nikaomba kusema. Nikamwuliza Paskali kama kipande hiki amekitunza sawa na shamba lake lote. Akasema sawa kabisa, ni shamba moja, mkono mmoja, miaka yote. Mzee Idrissa akamtaka alirudie neno hilo ili wazee walisikie vizuri, akalirudia kwa sauti kubwa zaidi, na kuongeza kwamba mimi sina hata ndama, ningekitunza kwa kitu gani. Watu wakacheka. Ndipo nikasema: "Basi apande. Apande uwele wa mbegu moja, siku moja, kutoka nyumbani kwake mpaka kwenye jiwe. Mimi sitagusa. Uwele ukifika kiunoni tukutane hapahapa."

Paskali alikubali kabla sijafunga mdomo. Alidhani nimekata tamaa, na hata Mama alidhani hivyo, kwani alininunia mpaka chakula kikapoa. Ni Mzee Idrissa peke yake aliyenitazama kwa muda, akavuta ndevu, akasema iwe hivyo.

Kwa hiyo amepanda. Nilisimama nikamwona akipanda, nikamwambia kazi njema.

Ulichouliza habari ya samadi, usiniulize tena kwa barua. Unajua barua zetu hupitia dukani, na dukani kuna watu wenye macho marefu. Jua tu kwamba miaka hii yote sikukaa bure.

Mimi dada yako,
Theresia


Tabora,
15 Januari 1967

Dada Theresia,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama.

Nasema kwa heshima, lakini nitasema. Umeniharibia. Nimewasimulia wenzangu hapa stesheni, wote wamenishangaa: dada yako alimwambia mwizi kazi njema? Nilikwambia usimruhusu atie hata punje, wewe umemruhusu atie shamba zima, tena mbele ya mashahidi. Sasa atavuna, na mwaka ujao atasema mbona nilivuna. Unategemea nini? Uwele una mdomo?

Mzee Idrissa namheshimu, lakini kuvuta ndevu si hukumu.

Tena hukuniambia samadi inatoka wapi. Kama kuna mtu unadaiwa fadhila, mimi ndiye mwenye shamba na nina haki ya kujua.

Mimi siko vizuri sana, usingizi ni wa mang'amung'amu siku hizi, lakini si neno la kuwatia wasiwasi. Mwambie Mama nakuja, mipango ikikaa sawa.

Ndugu yako,
Antipasi


Issuna,
19 Februari 1967

Mdogo wangu,

Tu wazima. Mvua ni nzuri ajabu.

Umeuliza kama uwele una mdomo. Uwele wa Paskali uko juu ya goti kidogo, na asubuhi hii Mama alitoka kwenda kutupa majivu, akasimama pale nje na bakuli mkononi, nikadhani amepatwa na kitu. Nikamwendea. Alikuwa anatazama shamba, na machozi yanamtoka huku anacheka.

Zaidi ya hapo siandiki, maana Mzee Idrissa amesema kiunoni, na mimi ni mtu wa neno langu. Wanaopita barabarani wameanza kupunguza mwendo wakifika hapa. Paskali siku hizi anapita njia ya nyuma.

Njoo uone, au usije.

Theresia


Tabora,
2 Machi 1967

Dada yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kulikuwa na mgonjwa wa surua nyumbani, tumekesha naye, sasa ni nafuu.

Huku mambo ni moto. Tangu Azimio la Arusha litangazwe tumeandamana mji mzima, wafanyakazi wa reli tukiwa mbele na sare zetu. Maneno yanayosemwa ni mazito, kwamba ardhi ni ya anayeitumia kwa jasho lake, si ya kujilimbikizia. Nilipiga makofi kama wengine. Halafu niliporudi nikakaa nikawaza, lakini nitakueleza siku nyingine.

Barua yako ya mwisho ni fupi mno. Mama alilia nini? Uwele umefanya nini? Dada, usinitese. Andika.

Antipasi


Issuna,
20 Machi 1967

Mdogo wangu Antipasi,

Kwa habari za nyumbani hatuna la kulalamika, isipokuwa magoti ya Mama na ndege wanaoanza kusumbua. Mpe pole mgonjwa wako. Mama alipoisikia barua yako aliuliza swali moja tu: mtu mzima anaugua surua? Nami naliweka hapa kama alivyolisema.

Sasa kaa chini.

Uwele ulifika kiunoni kwetu. Kwa Paskali haukufika. Na hilo ndilo lililotokea, Antipasi. Mbegu moja, siku moja, mvua moja, plau moja, lakini kutoka kwenye jiwe kuja upande wa kwake uwele ulisimama mweusi kwa afya, majani mapana, halafu ukafika mahali ukakatika. Hapo kuna ukanda mwembamba uliodumaa, ndipo minyaa iliponyonya udongo tangu Baba akiwa kijana. Baada ya hapo ni uwele wa manjano, mwembamba, wa kumhurumia, kwenda hadi mlangoni kwa Paskali. Mstari umenyooka kutoka barabarani hadi bondeni. Mtoto asiyejua kusema angeweza kuunyooshea kidole.

Wazee walikuja, na kijiji kizima kikaja nyuma yao. Hawakuangalia chini safari hii. Mzee Idrissa alitembea juu ya ule ukanda uliodumaa, taratibu, fimbo mkononi, mpaka mwisho, akarudi. Kisha akamkumbusha Paskali neno lake la shamba moja mkono mmoja. Paskali akasema labda palikuwa na kichuguu zamani. Wakacheka. Akasema labda maji hutuama. Mzee Idrissa akamwambia maji hayatuami kwa mstari. Ndipo alipojimaliza. Alisema ni samadi, na samadi ile aliimwaga yeye mwenyewe kwa mikono yake.

Klara, mke wake, alikuwa amesimama na wanawake. Unamjua hasemi mbele za watu, hata kanisani husali kwa midomo tu. Alitoka mbele, akafunga kanga yake vizuri, akasema:

"Mume wangu, samadi hii ni ya zizi letu, lakini wewe hujaishika tangu uipate plau. Ulisema udongo ukifunuliwa kisasa hauhitaji mavi. Ikajaa zizini mpaka ndama wakalala kwenye matope. Nikamwambia Theresia achukue. Ameibeba kwa kichwa kila kiangazi, na mimi akanipalilia shamba langu la karanga. Kila tenga lilipita mlangoni kwako ukiwa umekaa unasikiliza redio."

Hiyo ndiyo siri niliyokuwa nimeifunga, si kwa ajili yangu bali kwa ajili yake, maana niliogopa atakayoyapata nyumbani. Yeye ameifungua mwenyewe kwa hiari yake. Mzee mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikaenea mpaka barabarani. Paskali mwenyewe mwishoni alitazama chini, mabega yakamtikisika, sijui ni kicheko au ni nini. Amelisha shamba langu kwa ng'ombe wake, akalima kwa plau yake, akapanda kwa mbegu yake.

Hukumu ikawa fupi. Mpaka ni pale uwele ulipokatika. Mavuno ya kipande ni yangu, nami nimrudishie mbegu yake. Nikakubali. Jioni hiyo Mama alicheza, na yale magoti yake.

Limebaki jambo moja, ndilo linalonifanya nikuandikie upesi. Unajua desturi yetu: mpaka hauna nguvu mpaka minyaa ipandwe na wenye mashamba wawili, mnyaa mmoja mmoja, huyu ameshika na yule ameshika, uingie udongoni kwa mikono ya wote. Paskali amekubali hukumu, lakini hapa amekaza. Anasema atapanda na mwanamume mwenye shamba. Na wazee walewale waliocheka nami wamemuunga mkono. Wamesema Antipasi aitwe, aje kabla ardhi haijakauka.

Basi umeitwa. Nimeshinda kesi yako. Njoo upande mpaka wako.

Mimi dada yako,
Theresia


Issuna,
9 Aprili 1967

Antipasi,

Mama hajambo. Mvua zinakwisha. Lori la Manyoni linapita hapa kila mara na Mama hutoka nje kila lipitapo. Kama hutaki kuja, sema. Kinachotuumiza si kukataa kwako, ni kukaa kimya.

Theresia


Tabora,
23 Aprili 1967

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama, nikiwa nimepiga magoti.

Barua zako zote mbili ninazo. Ya kwanza niliisoma nikapiga kelele ya furaha mpaka majirani wakaja kuuliza kama nimepandishwa cheo. Niliposoma mwisho wake, furaha ikageuka. Nimeshika kalamu mara nyingi nikaiweka chini.

Mama aliuliza mtu mzima anaugua surua? Haugui. Aliyeugua ni Dorkas, binti yangu, anakaribia kuanza shule. Ana mdogo wake wa kiume, amepewa jina la Baba. Mama yao anaitwa Damari, Mnyamwezi wa hapa, wa Kanisa la Moravian, mtu mwema kunizidi. Niliogopa Mama angesema nimeoa mbali, nje ya kanisa letu, bila hata kuku wa posa kufika nyumbani. Mwaka ukapita, ukapita mwingine, na kila nilipokawia kusema, kusema kukawa kugumu zaidi. Ndiyo sababu kila ulipouliza nitakuja lini nilikujibu habari za likizo.

Dada, sirudi kulima. Nimelijua hilo siku nyingi, lakini niling'ang'ania kuitwa mwenye shamba, maana hapa stesheni mimi ni mtu wa kupeperusha bendera tu, na ni vizuri mtu kuwa na mahali anapoitwa mwenyewe. Nilikupa maagizo kutoka kwenye benchi la stesheni, na wewe ulikuwa na tenga kichwani. Siku ile ya maandamano nilipiga makofi kwa ajili ya anayetumia ardhi kwa jasho lake, nikarudi nyumbani nikiwa nimejipigia makofi ya kunisuta.

Shamba ni lako. Nimemwandikia Mzee Idrissa vivyo hivyo. Mwambie Paskali kwamba mimi Antipasi nimekuruhusu. Shika mnyaa upande wetu, upande kwa niaba ya jina la Baba.

Usinichukie. Mwambie Mama nitaleta wajukuu wake mwezi wa saba, akitaka.

Ndugu yako,
Antipasi


Issuna,
21 Mei 1967

Mdogo wangu Antipasi,

Marahaba, na uinuke kwenye hayo magoti, sare ya serikali isichafuke.

Nianze na Mama, maana ndiye unayemwogopa. Nilimsomea barua yako mpaka mwisho. Akaniambia nirudie pale penye jina la Baba. Nikarudia. Akaenda ndani akakaa huko, aliporudi akasema huyo Damari ni mvumilivu kuliko alivyodhani mwanamke anaweza kuwa, na kwamba kuku wa posa hana mwaka wa kuchelewa. Ameshachagua kuku mwenyewe, anamfungia asipotee. Kwa hiyo mlete mkeo na hao watoto. Nilikukasirikia sana, Antipasi, siwezi kuficha. Nililia kwa hasira siku lori la Manyoni lilipopita tena bila wewe. Sasa imekwisha.

Lakini ruhusa yako imechelewa. Barua yako imefika wakati minyaa imeshashika mizizi.

Tulikungoja mpaka ardhi ikaanza kupasuka. Siku wazee waliyoiweka ilifika, wakaja, Paskali akaja na fungu lake la minyaa, nami nikaja na langu. Mzee mmoja akauliza Antipasi yuko wapi. Nikasema yuko Tabora. Akasema basi tuahirishe hadi mvua za mwakani. Paskali akaanza kufunga minyaa yake. Nikaona kila kitu kinaniponyoka, kama kule Puma, kwa maneno ya upole.

Sikurudi nyuma. Niliingia kwenye mstari, nikapiga jembe, nikafukua shimo la kwanza. Nikashika mnyaa, nikausimamisha shimoni, nikabaki nimeinama hivyo. Nikamwambia: "Paskali, uliponing'olea mpaka uliulizwa na mimi. Wazee walipotuita ulibishana na mimi. Uliposhindwa ulishindwa na mimi. Wakati wa kugombana ulimwona mwenye shamba, wakati wa kupanda humwoni?"

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mgongo unaniuma na utomvu unanidondokea mkononi, nikasema moyoni nitakaa hivi hata jua litue. Mzee mmoja akaanza kukohoa ili aseme, Mzee Idrissa akamzuia kwa fimbo. Kisha nikaona viatu vya Paskali vinasogea. Akainama mbele yangu, akaushika ule mnyaa juu ya mkono wangu, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka kubeba kitu kizito, "Haya, Theresia. Tupande." Tukaukandamizia udongo pamoja. Shimo la pili alilifukua yeye. Ilipofika katikati ya shamba wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, Klara akiwa wa kwanza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kanisani.

Tulipomaliza Mzee Idrissa alitangaza kwamba kamati imeshuhudia mpaka kati ya Paskali na Theresia. Alilitamka jina langu mbele ya watu wote, Antipasi. Hakusema dada wa fulani, wala mjane wa fulani. Nimelifikiria neno hilo kila siku tangu hapo, na kila siku linanifurahisha upya.

Uwele tumevuna. Kipande kile kimejaza ghala mpaka tumeongeza jingine, nami nimempelekea Klara sehemu yake mchana kweupe. Paskali sasa anabeba samadi mwenyewe kwenda kwenye shamba lake, na wanawake wanapita njia ile kwa makusudi ili wamsalimie kwa heshima. Anaitikia wote. Nikikosa tenga ananiazima la kwake. Si mtu mbaya akiwa na kazi ya kufanya.

Sasa sikiliza, maana safari hii mimi ndiye ninayetoa maagizo. Mje mwezi wa saba kama ulivyosema. Mlete matandiko, maana usiku wa Singida mwezi huo utawakomesha watoto wa Tabora. Mtakula uwele wangu, mtalala kwangu. Shika mkono wa huyo mwanao mwenye jina la Baba, mtembee naye mpakani, umwonyeshe minyaa, na akikuuliza ni nani aliyeipanda, mwambie ukweli.

Karibuni sana.

Mimi,
Theresia, mwenye shamba